Maiti Sebuleni: Riwaya ya Uhalifu, Riwaya ya Mwanamke na Rafu Inayozitenga

Mwaka 2018 Oyinkan Braithwaite, mwandishi wa Nigeria, alichapisha riwaya yake ya kwanza, *My Sister, the Serial Killer*. Mwaka uliofuata riwaya hiyo ilipata tuzo ya gazeti la Los Angeles Times katika kundi la riwaya za uhalifu, na wakati huohuo ikawa miongoni mwa vitabu vilivyofika hatua ya mwisho ya kuwania Women's Prize for Fiction. Kitabu kimoja, rafu mbili. Wanaowapendekezea wengine vitabu vya kusoma wamezoea kuviweka hivyo: hapa riwaya za uhalifu, pale riwaya za wanawake wa leo. Braithwaite aliwavurugia mpango huo, na hakuwa wa kwanza. *Gone Girl* ya Gillian Flynn (2012) na *The Girl on the Train* ya Paula Hawkins (2015) zilikwisha kuihamisha maiti kutoka kichochoroni hadi sebuleni, mahali ambapo mshukiwa wa kwanza ni mume na shahidi wa kwanza ni mke.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana haki ya kuuliza kama jambo hili ni geni kwake. Ukitazama namna uhakiki wetu ulivyozipanga riwaya, utaona kwamba umezitenga aina hizi mbili kwa ukuta mnene zaidi kuliko ule wa wauza vitabu wa London. Riwaya ya upelelezi imeingizwa katika kapu la riwaya pendwa: inasomwa sana, inahakikiwa kidogo. Riwaya inayomhusu mwanamke imepewa heshima ya kuitwa riwaya dhati, lakini kwa sharti kwamba itahakikiwa kwa swali moja tu, lile la usawiri wa mwanamke, ambalo limeandikiwa tasnifu nyingi kiasi kwamba jibu lake hujulikana kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anahitimu akiamini kuwa risasi inayopigwa Kariakoo ni uhalifu, ilhali kipigo kinachotolewa chumbani ni dhamira.

Mgawanyo huo una historia yake. Baada ya *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965), riwaya ya uhalifu ya Tanzania Bara iliushika mji, kisha ikaishika dola. Katika *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba (1974), Willy Gamba anatumwa kuzifuatilia nyaraka zinazohusu wapigania uhuru, na kinachotetewa hapo ni usalama wa bara zima. Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango mwandani, Nuru, anayefuatana naye katika hatari. Hata hivyo jina linaloubeba mfululizo ni la Joram. Nyumba katika riwaya hizi ni mahali pa kuondokea. Mpelelezi huvaa koti, hufunga mlango, na hadithi huanza.

Kwa Muhammed Said Abdulla mambo yalikuwa kinyume, na hapa ndipo historia ya utanzu huu inapostahili kusomwa upya. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, hadi *Kosa la Bwana Msa* (1984), Bwana Msa na kiko chake huingia ndani. Anachokitafuta mara nyingi si silaha. Hutafuta nasaba: nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani kwa siri, urithi ulistahili kumwendea nani. Tazama jina *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975): fumbo la kipelelezi limewekwa wazi juu ya jalada, na fumbo lenyewe ni ndoa. Wahakiki wamemlinganisha sana Bwana Msa na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo ni wa kweli, ila umeficha jambo kubwa zaidi. Abdulla alitambua kwamba katika jamii ya Unguja aliyoiandika, kumbukumbu za siri hazimo katika jalada la polisi. Zimo katika ukoo, na watunzaji wake wakuu ni wanawake. Udhaifu wake ni kwamba siri hizo zinapofumbuliwa, anayezifumbua na kuzieleza ni mwanamume aliyetoka nje, naye Najum husikiliza kwa niaba yetu. Bibi wa nyumba hujua. Bwana Msa ndiye husema.

Sasa ichukuliwe *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980), riwaya iliyosomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya na ambayo hakuna aliyewahi kuiweka katika rafu ya uhalifu. Maksuudi, mtu wa siasa na mali, amewafungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna. Bi Farashuu anaingia katika nyumba hiyo, na kuingia kwake kunaivunja. Mwalimu hufundisha kwamba Bi Farashuu anawakilisha kisasi, au mila, au unyonge wa mwanamke unaogeuka sumu. Lakini hebu usomwe mpangilio wa matukio kama anavyousoma mpenzi wa riwaya za upelelezi. Kuna dhuluma ya zamani: Mwanasururu, binti wa Bi Farashuu, aliolewa na Maksuudi, akanyang'anywa mali yake, akaachwa aangamie. Kuna sababu ya kutenda iliyofichwa hadi msomaji amekwisha kumhukumu mtendaji. Kuna mtego, pale Kazija anapopanga Maksuudi na mwanawe Mussa wakutane chumbani kwake bila mmoja kujua habari za mwingine. Kuna mkosaji anayeonekana mtu wa heshima mbele ya mji mzima. Kinachokosekana ni mpelelezi peke yake, na kukosekana huko ndiko kunakoipa riwaya ukali wake: hakuna ofisi ambayo Bi Farashuu angeweza kupeleka mashtaka yake ikayasikiliza. Akawa yeye mlalamikaji, mchunguzi na mtekelezaji wa hukumu.

Usomaji wa namna hii hauishushi *Utengano* hadhi. Unairudishia neno ambalo uhakiki wa dhamira umelilainisha. Alichofanya Maksuudi kwa mali ya Mwanasururu kina jina, na jina hilo ni wizi.

Braithwaite anafika mahali pale kwa njia nyingine. Korede, muuguzi wa Lagos, huitwa kwa simu na mdogo wake Ayoola kila mara Ayoola anapomuua mpenzi. Huja na dawa ya kuondoa madoa, akasugua. Ustadi unaoufanya uhalifu usigundulike si wa kijasusi. Ni ule ambao msichana mkubwa hufundishwa nyumbani, wa kufanya usafi hadi pembeni na kutomwambia mtu. Kadiri kurasa zinavyosonga, inadhihirika kwamba kisu cha Ayoola kilikuwa cha baba yao, na kwamba baba huyo alikuwa katili. Mwandishi haitumii habari hiyo kumsafisha Ayoola. Anaiacha hapo, kama doa lisilotoka. Mwishoni Korede anaichagua damu yake dhidi ya mwanamume anayempenda, na msomaji, ambaye ndiye mpelelezi pekee aliyebaki, hana mahali pa kupeleka ripoti yake.

Lipo jambo la lugha linalofaa kuzingatiwa na atakayekitafsiri kitabu hiki. Kiambishi cha nafsi ya tatu umoja katika Kiswahili hakibainishi jinsia: *aliingia, akamchoma, akaondoka*. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi kuchagua kiwakilishi, au kuhangaika kukikwepa. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kumtembeza muuaji kurasa mia mbili bila msomaji kujua kama ni mwanamume au mwanamke, na asiwe amedanganya hata mara moja. Ni hazina ambayo riwaya yetu ya taharuki imeitumia kidogo mno, pengine kwa sababu muuaji hudhaniwa kuwa mwanamume tangu mwanzo, na mwanamke huingia akiwa na sura nzuri inayoelezwa kwa aya nzima. Kwa upande wa jina la kitabu, neno *dada* halitoshi, kwa kuwa masikioni mwa wengi humwelekea aliye mkubwa, na Ayoola ni mdogo. *Mdogo wangu* inasema ukweli wa umri na kuacha jinsia gizani, kama *àbúrò* ya Kiyoruba inavyofanya. Mtafsiri atakayechagua *mdogo wangu* atapoteza mshtuko wa jalada, lakini atapata kile ambacho Kiingereza hakikuwa nacho: dhamana ya mkubwa kwa mdogo, ambayo ndiyo inayoisukuma hadithi nzima.

Haifai kuuvunja ukuta kwa pupa, hata hivyo. Riwaya ya uhalifu wa nyumbani ina mazoea yake mabaya. Katika *Gone Girl*, Amy anaghushi shajara na kubuni mashtaka ya kunajisiwa, na wapo waliosema kwa haki kwamba mgeuko huo unawapa silaha wale wasiotaka kumwamini mwanamke yeyote anayeshtaki. Kazija naye yuko karibu mno na mwanamke mtego wa riwaya pendwa. Ukimsoma kwa kasi ya taharuki, utafurahia hila na kusahau kwamba mwili ndio mtaji alioachiwa. Tena si kila siri ya ndoa ni kesi. *Stay With Me* ya Ayobami Adebayo (2017) imejengwa kwa siri inayofichuliwa kidogokidogo kama katika riwaya ya upelelezi, lakini kinachofichuliwa ni aibu ya mume asiyeweza kuzaa na mkewe na uongo alioutunga kuifunika. Kumwita Akin mhalifu kungekuwa kuisoma vibaya.

Dalili zipo kwamba waandishi wamekwisha kuutoboa ukuta kabla ya wahakiki. *Hana Hatia* ya Martha Mvungi (1975) ilichukua jina lake katika lugha ya mahakama. *Penzi la Damu* ya Anna Samwel Manyanza, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, inaziunganisha rafu mbili kwa maneno matatu. *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, ambayo nayo ilipata tuzo hiyo, inazungumza kwa lugha ya deni na malipo, na deni ndilo jambo ambalo mpelelezi yeyote huanza kulichunguza.

Kwa anayetayarisha kozi ya riwaya, basi, mpangilio wa kujaribu si mgumu. *Mke Mmoja Waume Watatu* isomwe wiki moja na *Utengano*, na *Mungu Hakopeshwi* ifuate. Swali la semina lisiwe mwanamke amesawiriwaje. Liwe: nani katika nyumba hii alijua, alijua lini, na ni nani aliyemkataza kusema?