Aliyebeba Mizigo: Kuisoma Upya Safari ya Bibi Salme ya 1885

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Mara nyingi nimeisikia methali hii mjini Unguja pale anapotajwa Bibi Salme binti Said, yule binti wa Seyyid Said bin Sultan aliyeondoka kwao mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, na akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Husemwa kwa wepesi, kama mtu afungaye mlango uliokwisha kufungwa. Mimi niliisikia kwa sikio jingine nilipokirudia kitabu cha bibi huyu nikiwa Marambo, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mwezi wa Oktoba, wakati joto la kungojea mvua limetanda juu ya mikorosho na hata mbuzi hawatoki kivulini. Huko bara ya Lindi neno mtumwa si tamathali ya usemi.

Kitabu chenyewe kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888. Wengi wetu tunakipenda kwa sura zake za mwanzo: Beit el-Mtoni na ua wake, ndugu wasiohesabika, farasi, mavazi, vyakula, sikukuu. Hizo zimesifiwa vya kutosha, na sifa hizo ni haki yake. Makala haya yanaihusu sura ya mwisho, ambayo wasomaji huipita upesi kama mtu anayefunga mizigo, yaani ile inayosimulia namna mama alivyorudi kuitazama nchi yake baada ya miaka kumi na tisa, akifuatana na watoto wake watatu.

Tukiivua siasa kwa muda, sura hii ni habari ya familia iliyokwenda kutembea ng'ambo katika nchi za joto. Wanaondoka Ujerumani Julai 1885, wanavuka Bahari ya Kati, wanapita Misri na Bahari ya Sham, wanafika Unguja mwanzoni mwa Agosti. Antonie ana miaka kumi na saba, Rudolph kumi na sita, Rosalie kumi na mitano. Hawajapata kuiona nchi ambayo mama yao amewasimulia. Baba yao alikufa kwa ajali Hamburg mwaka 1870, Rosalie akiwa bado mtoto mchanga. Kwa hiyo mama ndiye kiongozi wa njia, mkalimani na mwonyeshaji, na yeye mwenyewe ndiye kitu kinachoonyeshwa.

Kiswahili hutenganisha safari na matembezi. Safari ina haja nyuma yake: biashara, elimu, ugonjwa, Hija, msiba. Matembezi ni ya macho na nafsi. Udhaifu wa kwanza wa sura hii, na labda utamu wake pia, ni kwamba mwandishi hajui ni kipi kati ya viwili hivyo anachokisimulia. Moyo wake umetoka kwa matembezi: aone mnazi, asikie lugha, awaonyeshe wanawe mahali alipozaliwa. Mkono wake umetoka kwa dai la urithi. Na chombo kilichomchukua si cha matembezi wala cha biashara, kwani nyuma yake zilikuwamo manowari za Ujerumani, zilizokuja mwezi huo huo wa Agosti kumshurutisha Seyyid Barghash ayakubali madai ya Wajerumani huko mrima na bara. Mama anasema, "Tazameni, hapa ndipo kwetu," na mizinga imeelekezwa huko huko kwao.

Hata joto lina la kutufundisha. Agosti kwetu ni kipupwe, ambapo watu wa pwani hujifunika shuka alfajiri na wazee hulalamikia baridi. Kwa vijana waliolelewa Ujerumani ilikuwa nchi ya jua kali. Katika kitabu kizima Bibi Salme hubishana na msomaji wa Ulaya adhaniaye kwamba Mashariki ni uvivu na hari tupu, na hapo ndipo alipo hodari. Lakini katika sura ya mwisho amekwisha kuingia ndani ya ngozi ya mgeni. Anaitazama Unguja kwa macho mawili yasiyokubaliana: moja linalijua tangu zamani kila pembe, jingine linapima usafi, mpangilio na uharibifu kama apimavyo mtalii. Mwandishi dhaifu angelifumba moja. Yeye ameyaacha yote mawili wazi, na msomaji anaona maumivu ya kutazama hivyo.

Ushahidi mkubwa ni Mtoni. Jumba alilozaliwa mwaka 1844 analikuta gofu. Wakati huo mjini Beit el-Ajaib ilikuwa imesimama tangu 1883, nyumba ndefu ya fahari ya ndugu yake, na huku nyumba ya baba yao inabomoka kando ya bahari. Hapa nathari yake inafikia kilele kwa sababu haina hoja ya kutetea. Ni mtu na ukuta. Washairi wetu wa mwambao, tangu zama za Pate, wanaijua nyumba tupu na somo lake: kwamba ulimwengu hudanganya, na kwamba kumbi zilizojaa taa zitakaliwa na popo. Bibi Salme hakuandika ushairi, wala simdai hivyo, lakini anayeisoma sehemu hii atasikia hewa ile ile ikivuma.

Lakini je, watoto walisemaje mbele ya gofu lile? Hapa ndipo namlaumu mwandishi kwa dhati. Watoto watatu wamevushwa bahari mbili ili waone, na sauti zao hazisikiki. Hatujui nani alichoka, nani aliogopa, nani aliuliza kwa nini mjomba hataki kutuona. Mjomba huyo, Barghash, ndiye yule yule ambaye mama yao alimsaidia katika uasi wa mwaka 1859 dhidi ya ndugu yao Majid, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano mwenye kuwaandikia wenzake barua. Kisa gani kingelimfaa kijana kuliko hicho, kuambiwa chini ya dirisha la mtu mwenyewe? Badala yake sura inajaa hasira juu ya Waingereza na juu ya ndugu, na watoto wanafuata nyuma kama mizigo yenye miguu.

Nao hawakuwa mabubu. Rudolph, aliyejiita baadaye Said-Ruete, alichapisha mwaka 1929 kitabu juu ya babu yake, Said bin Sultan. Antonie aliolewa na mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ujerumani, akakaa naye katika visiwa vya Marshall, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya nchi za joto. Mmoja aliutafuta Mashariki kwa nasaba, mwingine kwa jiko. Sisemi kwamba vitabu hivyo vilizaliwa na mwezi ule wa Agosti. Nasema kwamba walikuwa watu wenye la kusema, na mama mwenye kalamu kali kama yake angeliweza kuwasikiliza.

Sasa narudi Marambo. Jioni moja niliwasimulia wenyeji wangu kisa hiki: bibi wa kifalme, wanawe, bahari, gofu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye nilimwamkia shikamoo kila asubuhi na sikupata kumwona akiharakisha neno, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Na mizigo yao, mwanangu, alibeba nani?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa kitabu hakikunipa. Karne ya kumi na tisa njia za kutoka Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilipita katika nchi hizi za kusini, na Kilwa ilikuwa bandari kuu ya kuwapeleka watumwa Unguja. Wayao, Wamwera, Wamakua, Wangindo na wengineo walipitishwa humo. Waliofika walipanda karafuu, walichota maji, walibeba watoto wa majumbani. Beit el-Mtoni ya sura za mwanzo, ile tunayoipenda, ilisimama juu ya mabega hayo. Na Bibi Salme aliliona hilo, maana ameandika sura nzima juu ya utumwa, akiutetea ule wa Mashariki kwa kuulinganisha na wa Marekani, na akimsema Mwafrika kuwa mvivu asiyefanya kazi bila ya kulazimishwa. Mwanamke aliyewakemea Wazungu kwa kuwahukumu watu wasiowajua amewahukumu hivyo hivyo watu waliomlea.

Nitaambiwa kwamba si haki kumpima mtu wa jana kwa kibaba cha leo. Nakubali nusu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, miaka kumi na mitatu kabla ya kitabu. Suala hilo lilikuwa hai mbele yake, naye alichagua upande. Tena tunacho kipimo cha zama zile zile. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, na humo yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Hapo anayesimulia ndiye mtumishi, na anasimulia kwa Kiswahili. Anatazama miji, watu, dini, vyakula, na anajua kwamba yeye naye anatazamwa. Hana nasaba ya kulilia, wala urithi wa kudai. Nikiziweka safari hizi mbili pamoja, ya binti mfalme ina uchungu mwingi zaidi, na ya mtumishi ina watu wengi zaidi.

Basi tukiache kitabu cha Bibi Salme? Hasha. Tukisome, na tukisome hadi mwisho, kwa kuwa sura hii ya mwisho ndiyo inayozifunua zile za mwanzo. Humo mwandishi anajikuta mahali walipowahi kujikuta wengi aliowapita bila kuwauliza majina: amesimama katika nchi isiyompokea, lugha yake ya nyumbani haisemwi na wanawe, na mwenye nyumba hataki kumwona. Watu wa Marambo wana mababu waliosimama hivyo katika pwani hiyo hiyo ya Unguja, bila ya manowari nyuma yao, bila ya ahadi ya kurudi, na bila ya mtu wa Berlin wa kuchapisha waliyoyaona.

Ndiyo maana sithubutu tena kumtupia bibi huyu ile methali. Kuacha asili ni jambo moja, kunyang'anywa ni jingine, na Kiswahili chetu kina wajibu wa kuyatenganisha. Nilipoondoka Marambo, yule mama alinisindikiza hadi barabarani katika jua la saa sita. Mfuko wangu wa vitabu ulikuwa mzito. Alinyoosha mkono kuupokea, kama ulivyo ustaarabu wa kumsindikiza mgeni, nami nikamwomba, kwa heshima zote, aniache niubebe mwenyewe.