Taa ya Caps Lock

Simu ilitoka Bungoma, kwa Mwalimu. Kompyuta ya saiba imeganda, mshale hausogei, na mteja amesimama pale akiwa na barua ambayo hajaihifadhi. Fundi wetu hapa Kitale angeweza kusema "zima, uwashe". Badala yake akauliza:

"Mwalimu, bonyeza Caps Lock. Taa inawaka?"

"Inawaka, fundi. Nikibonyeza tena inazima."

"Basi haijafa."

Mashine ile ilitumia Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991. Huko madirisha na rangi ni programu tu zilizopanda juu ya kiini cha mfumo. Zinaweza kukwama huku kiini kikiendelea na kazi. (Hata kama taa isingeitikia, fundi asingetangaza msiba: mara nyingine hata taa hukwama pamoja na madirisha.)

Akamwambia ashike Ctrl na Alt, kisha F3. Kimya. "Skrini imekuwa nyeusi, inataka jina." Aandike jina, halafu nywila. "Herufi za nywila hazitaonekana, usishtuke, andika tu." Nilipenda hilo: kumwona mtu akishtuka ng'ambo ya simu, kabla hajashtuka.

Halafu *top*, orodha ya programu zinazofanya kazi. Mwalimu akasoma mistari kama anayesoma rejista ya darasa. Kivinjari ndicho kilichokuwa kileleni. Kilikuwa kimemeza karibu gigabaiti zote 4 za kumbukumbu, na mashine ilikuwa ikihema kwa kukopa nafasi kwenye diski. Fundi akataka namba ya kushoto, akaitaka tena, akairudia mwenyewe. Ukikosea tarakimu moja unaua asiye na hatia, na barua ilikuwa kwenye programu ya jirani.

"Bonyeza q utoke. Sasa andika *kill*, acha nafasi, namba. Usiweke tisa." *Kill* tupu huiomba programu ijifunge, *kill -9* huikata bila kuiuliza. Kuwasha upya mfumo mzima wa madirisha kungekuwa rahisi zaidi, lakini barua ingeondoka nao. Na kama hata F3 ingegoma, angemtuma kwenye Alt na Print Screen, kisha S, U, B, polepole: andika diskini, funga diski isiandikwe tena, anza upya.

Haikufika huko. Ctrl, Alt, F2, arudi kwenye madirisha.

"Barua hii hapa, fundi!"

"Hifadhi kwanza. Halafu muulize mteja alikuwa amefungua kurasa ngapi."

Nikasikia mtu akicheka kule Bungoma, kisha akikohoa.