Siasa Iliyofichwa katika Somo la Kiingereza

Watu wanapolalamika kwamba somo la Kiingereza katika shule zetu lina siasa ndani yake, aghalabu hutazama hadithi za vitabuni. Husema kwamba mtoto wa Sumbawanga alisomeshwa habari za theluji na za mitaa ya London, mambo asiyoyajua wala kuyahitaji. Lalamiko hili lina haki yake, lakini halifiki kwenye shina. Hadithi ni kitu chepesi kubadili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 vitabu vya shule vilitakiwa vifuate Elimu ya Kujitegemea; John akampisha Juma, na theluji ikaupisha mkorosho. Siasa ya kitabu ilibadili bwana, lakini imani juu ya namna ya kufundisha haikuguswa. Nami nadhani kwamba siasa iliyo kubwa zaidi imo katika imani hiyo, kwa kuwa imevaa nguo za ualimu na hakuna aishukuye.

Aliyeieleza vizuri habari hii ni Robert Phillipson katika kitabu chake Linguistic Imperialism, kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 1992. Mwandishi huyu aliwahi kuwa mtumishi wa British Council, basi anaijua nyumba anayoisema. Anarudi nyuma mpaka Januari 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walipokutana Makerere kuzungumza juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Katika fikira za mkutano huo anachambua kanuni tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na lugha hiyo, kwamba kikianzwa mapema ni vizuri zaidi, kwamba kikifundishwa kwa wingi matokeo huwa mema zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Phillipson anaziita zote tano upotovu.

Sifa ya kitabu hiki ni kwamba kinauliza swali ambalo wataalamu wa ufundishaji hawapendi kuulizwa: kanuni hii yamfaa nani? Kanuni ya pili yampa kazi mgeni, na kumfanya mwalimu mwenyeji awe mwanafunzi maisha yake yote. Kanuni ya kwanza yatupa nje ya darasa kitu pekee ambacho mwalimu mwenyeji anacho na mgeni hana, yaani kuijua lugha ya watoto. Yafaa tukumbuke pia kwamba katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake huko huko Makerere. Kilima kimoja kilizibeba lugha zote mbili. Lakini moja ilihesabiwa kuwa chombo cha elimu, na nyingine kuwa kitu cha kuchunguzwa.

Hata hivyo kitabu hiki kina kasoro, nayo si ndogo. Mwandishi amemkazia macho mtoaji wa msaada hata akamsahau mpokeaji. Atakayekisoma peke yake atadhani kwamba sisi tulikuwa udongo mikononi mwa mfinyanzi. Historia ya Tanzania yasema vingine. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka 1983 serikali yetu wenyewe ilikataa. Ndipo mwaka 1984 ikaja taarifa ya Criper na Dodd, iliyoonyesha kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetazamia masomo ya Kiingereza yaanzie. Na hata hivyo ikashauri Kiingereza kiendelee. Mradi wa msaada wa Uingereza ulianza mwaka 1987. Msomaji na aitazame taratibu ya miaka hiyo: kukataa kwetu kulitangulia ushauri wao, na ushauri ulitangulia fedha. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeifasiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha dunia nzima. Hakulazimishwa na mtu.

Hapa ndipo tunapoona nguvu ya kanuni ya nne. Watoto waliofundishwa kila somo kwa Kiingereza kwa miaka minne walikuwa hawajui Kiingereza, na dawa iliyoshauriwa ilikuwa ni kuzidisha kile kile. Kanuni ambayo haikubali kukanushwa na matokeo yake si elimu tena, ni itikadi. Na itikadi haijali kabila la aiaminiye.

Nasema haya bila ya kujitoa katika hatia. Katika shule niliyosoma, aliyesikiwa akinena Kiswahili alivishwa kibao shingoni, nami nilikuwa hodari wa kumpachika mwenzangu. Baadaye nilisomea ng'ambo, nikarudi na shahada yangu. Leo nikimwuliza mwanafunzi wa chuo swali la fonolojia kwa Kiingereza hutazama chini. Nikilirudia kwa Kiswahili hunieleza sawasawa, hata pengine akanisahihisha. Kisha humwandikia mtahini kwa lugha ile iliyomnyamazisha, na alama anazopata twaziita kipimo cha akili yake.

Basi, kitabu cha Phillipson kisomwe, tena kwa makini, lakini kisisomwe kama hati ya mashtaka dhidi ya wageni peke yao. Walioshika mlango mwaka 1983 walikuwa ndugu zetu. Na sisi wanaisimu tutunge mitaala ya Kiingereza inayomtambua mtoto kuwa ana lugha kabla ya kuingia darasani. Kiingereza tunakihitaji, na kwa sababu hiyo chastahili kufundishwa vizuri kama somo, badala ya kutumiwa kama ukuta wa kufichia masomo mengine yote.