Mario Ametua Kamachumu!
Imewaka! Tivigemu ya kaseti, ile ya pedi mbili za waya, nakala ya Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, imechomekwa kwenye tivi hapa Kamachumu, wilayani Muleba, na muziki wa Mario umeshawatoa wapwa zangu shambani mbio. Kahawa itasubiri.

Jamani, Super Mario Bros.! Gemu la 1985, hatua 32, na lote limekaa kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya simu janja inalizidi mbali. Nafasi ilibanwa hadi mawingu na vichaka vikawa mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Tazameni wenyewe! Mimi nimepiga kelele.

Ila utamu wenyewe uko kwenye kuruka. Gusa kitufe, anaruka kidogo, kandamiza, anapaa, na akiwa hewani bado unaweza kumvuta nyuma. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, na wenzake hawakuweka somo lolote la maandishi. Kushoto hakuendeki, basi unashika kulia, na mara kiuyoga chenye macho makali hicho kinakujia. Mpwa wangu mdogo, ambaye hakuwahi kushika pedi, amekufa mara ya kwanza. Ya pili karuka. Keshafuzu! Na skrini hairudi nyuma: sarafu uliyoiacha ndiyo imekwenda.

Halafu Contra ya 1988, wawili bega kwa bega, risasi kila upande! Roho tatu hazitoshi kitu. Bonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A: sasa ni 30. Jirani aliyekuja kuazima jembe amekaa.

Adventure Island nayo ina bwana wa sketi ya majani anayekufa asipookota matunda njiani. Kwenye migomba ya Muleba, hadithi hiyo imezua ubishi.

Kasoro? Menyu inajigamba kwa maelfu ya magemu, kumbe yaleyale yanajirudia. Waya za pedi ni fupi, tunacheza pua zikikaribia kioo. Na Mario huyu hahifadhi chochote: umeme ukikatika uko ngome ya mwisho, unaanza tena mwanzo kabisa.

Inunue hata hivyo! Ukiwa dukani Bukoba, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ubonyeze kila kitufe cha pedi zote mbili. Ya pili usiidharau; ndiyo itakayogombewa.