Kumbukumbu Nzima, Anwani Potofu: Uhakiki wa Majaribio ya Mkazo katika Vichakataji vya Michoro

Imran Haque na Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoendesha programu yao ya MemtestG80 katika kompyuta zaidi ya 20,000 za mtandao wa Folding@home, theluthi mbili ya kadi za michoro zilizopimwa zilionyesha makosa ya kumbukumbu. Utafiti huo ulistahili sifa, kwa kuwa ulipima kadi pale zinapofanyia kazi. Hata hivyo, swali lake kuu lilikuwa iwapo kumbukumbu inatunza kilichoandikwa. Iwapo data inasomwa kutoka mahali pake ni swali jingine, nalo mara nyingi husahauliwa.

Programu hutumia anwani pepe. Kichakataji huzigeuza kuwa anwani halisi kwa kufuata majedwali ya kurasa, na tafsiri za karibuni huwekwa katika hifadhi ndogo ili kuharakisha kazi. Hapa huweza kuzuka kasoro mbili: kurasa mbili kuelekezwa mahali pamoja kimakosa, au tafsiri iliyokwisha kufutwa kuendelea kutumika. Jaribio linalojaza thamani moja kila mahali haliwezi kuzibaini. Ni kama kukagua masanduku ya posta kwa kutia barua zinazofanana: hata sanduku lisilo lake litatoa barua sahihi.

Jaribio la kuaminika lina masharti matatu. Kila neno liandikwe thamani inayotokana na anwani yake pepe. Kurasa ziguswe kwa kurukaruka, kwa idadi inayozidi uwezo wa hifadhi ya tafsiri. Tena, ramani ya kurasa ibadilishwe kazi ikiendelea. Sharti la tatu limepata uzito tangu mwaka 2016, NVIDIA ilipotoa usanifu wa Pascal wenye anwani pepe za biti 49 na uwezo wa kuhamisha kurasa zinapohitajika.

Huenda ikadaiwa kwamba jaribio hilo ni la polepole na halionyeshi lenyewe kama kosa ni la kifaa au la programu kiendeshi. Dai hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Watumiaji wawili wanaposhirikiana kichakataji kimoja, tafsiri iliyopitwa na wakati yaweza kumfunulia mmoja siri za mwenzake. Kwa hiyo, taasisi inayonunua mitambo ya pamoja isiridhike na cheti cha kumbukumbu pekee. Idai pia ushahidi wa upimaji wa tafsiri ya anwani.