Macho Yasiyoonekana ya Don Corleone

Sinema ya The Godfather inaanza gizani, na sauti inatangulia sura. Mzee mwenye lafudhi ya Kiitalia anaeleza kuwa mali yake yote aliichuma Marekani. Ndipo uso wake unapochomoza taratibu kutoka kwenye weusi, paji na pua vikiwa vimeshika mwanga, macho yakiwa mashimo mawili. Anaitwa Bonasera, na kazi yake ni kuzika maiti. Binti yake amepigwa na vijana wawili hadi taya likavunjika, na hakimu amewapa kifungo cha nje. Anapoendelea kusimulia, picha inarudi nyuma polepole mno, hata huwezi kusema ni lini imesogea. Inakwenda hivyo karibu dakika 3 bila kukatwa. Lenzi iliendeshwa na mota iliyopangiwa kasi kwa kompyuta, maana mkono wa binadamu hauwezi kuvuta taratibu kiasi hicho bila kusita. Mwishowe bega la mtu na kiganja chake vinaingia mbele ya picha, vyeusi, vikitupa mgongo. Hapo tunatambua kuwa tangu mwanzo tumekuwa tumekaa upande wa Don Vito Corleone, tukimsikiliza mwombaji kama yeye anavyomsikiliza.

Aliyepanga mwanga huo ni Gordon Willis, mpigapicha mkuu wa sinema hiyo. Kila watu wanapobishana kwa nini The Godfather ilipendwa vile tangu ilipotoka Machi 1972, watataja Marlon Brando, watataja Al Pacino, muziki wa Nino Rota, riwaya ya Mario Puzo ambayo tayari ilikuwa imesomwa na watu wengi. Wote wanastahili. Mimi humrudia Willis, kwa sababu naamini kazi yake ndiyo iliyowafanya watazamaji wakae na wauaji kwa muda wa karibu saa 3 bila kujua wawahukumu vipi.

Willis alizaliwa New York mwaka 1931, na baba yake aliwahi kufanya kazi ya kuwapamba waigizaji katika studio ya Warner Bros. iliyokuwa Brooklyn. Nalitaja hilo kwa sababu giza la The Godfather lilianzia kwenye vipodozi. Brando, aliyeigiza Don Corleone, alikuwa na miaka 47 na alitakiwa aonekane mzee wa miaka sitini na kitu. Dick Smith, fundi wa vipodozi, alimkunja ngozi kwa utomvu wa mpira, akamvalisha kifaa mdomoni cha kujaza mashavu. Ufundi huo ulikuwa mzuri, ila usingestahimili taa ya kawaida. Kwa desturi ya Hollywood, taa kuu ilimwangaza mwigizaji kutoka mbele na pembeni kidogo, ya pili ikapunguza vivuli, na mara nyingi ikawekwa nyingine ndogo kwa ajili ya macho tu, ili yang'ae. Willis aliziondoa. Akaning'iniza taa juu, karibu na dari, akazifunika kwa kitambaa ili mwanga ushuke laini. Ukishuka hivyo, paji linapata nuru, nyusi zinatupa kivuli, macho yanazama, na kila kunyanzi shavuni linachimbika zaidi. Brando akazeeka mara moja.

Fundi wa kawaida angetumia taa hizo kwa Brando peke yake, kisha akarudi kwenye mazoea. Willis aliona kwamba mwanga wa mtu mmoja hauwezi kuwa kisiwa katikati ya sinema. Ukianza nao, lazima nyumba nzima iishi ndani yake. Kwa hiyo akawaangazia hivyo Bonasera, Tom Hagen mshauri wa Don, mwanawe Sonny na hata kuta za mbao za ofisi ile iliyojengwa studioni New York. Juu ya mwanga huo akaongeza rangi ya manjano iliyoiva, kama ya shaba, ili miaka ya 1940 ionekane ya 1940. Sinema nyingi zinazosimulia zamani zimeiga manjano hiyo tangu wakati huo, nyingine bila kujua zimeitoa wapi.

Wakubwa wa Paramount walipoona vipande vya kwanza walishtuka. Wamemlipa mwigizaji mashuhuri, na macho yake hayaonekani! Jibu la Willis lilikuwa kwamba alikusudia hivyo: katika mandhari fulani hakutaka mtazamaji ajue kinachopita kichwani mwa mzee yule. Kulikuwa pia na hofu ya kibiashara. Siku hizo Marekani ilijaa viwanja ambako watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao, kama ilivyokuwa Drive-In ya Msasani, Dar es Salaam, na picha nyeusi hufifia sana kwenye skrini iliyo chini ya anga. Willis hakulegeza kamba. Zaidi ya hapo, alipiga picha kwa mwanga mdogo makusudi, kiasi kwamba maabara isingepata cha kuongeza hata ingetaka. Kilichoachwa gizani kilibaki gizani.

Msimamo huo uliwagharimu waliofanya naye kazi. Mwanga ukiwa finyu, mwigizaji akivuka alama yake sakafuni kwa hatua moja anapotea. Mwongozaji, Francis Ford Coppola, kijana wa miaka 32 ambaye kila wiki alihofia kufukuzwa, alitaka waigizaji wake wawe huru kutembea na kubuni. Willis alitaka wasimame walipoelekezwa. Waligombana vibaya, mpaka kupigiana kelele mbele ya watu. Ninapotazama matokeo naona kila mmoja alikuwa na haki yake, na kwamba sinema ilinufaika na ugomvi wenyewe: waigizaji wana damu, na fremu imetulia. Kamera ya Willis hukaa kwenye usawa wa macho na haitembei ovyo. Ndiyo maana Michael, mwana wa Don anayeigizwa na Pacino, anapokaa kitini na kueleza, kwa sauti ya chini, jinsi atakavyowaua Sollozzo, adui wa familia, na kapteni wa polisi, ule msogeo mdogo wa kamera kumwelekea unasikika mwilini. Kijana aliyekuwa pembeni amekuwa kitovu cha chumba.

Lakini giza peke yake lingechosha. Nje ya ofisi ya Don kuna harusi, iliyopigwa picha Staten Island, na Willis ameimwagia jua hadi weupe unakaribia kuungua. Watoto wanakimbia, wanawake wanaimba, divai inamiminwa. Tunavushwa kutoka kwenye nuru hiyo kuingia ofisini, tunarudishwa nje, tunaingizwa tena, na macho yetu hayapati nafasi ya kuzoea. Michael wakati huo yuko nje, amevaa sare ya jeshi, juani, na mpenzi wake Kay pembeni yake. Mfuate kuanzia hapo. Akikimbilia Sicily, anakaa kwenye mwanga wa dhahabu. Akirudi, kila cheo anachopanda kinampunguzia nuru usoni, hadi anakaa katika chumba cha baba yake, kivuli kimemgawa uso. Baba naye anakwenda upande wa pili: anafia bustanini, kati ya minyanya, mchana kweupe, akicheza na mjukuu. Waliosema, tangu 1972, kwamba sinema hii inawatukuza majambazi walisikiliza maneno na kutazama suti. Hukumu juu ya Michael ipo, na imeandikwa kwa taa.

Watazamaji waliipokea kwa kishindo. Foleni zilizunguka mitaa ya New York, na kabla ya mwaka kwisha mapato yake yalikuwa yameipita Gone with the Wind ya 1939. Wamarekani wenye asili ya Italia waligawanyika; chama chao kimoja kilikuwa kimeshawashurutisha watayarishaji waondoe neno Mafia kwenye maandishi. Majambazi wa kweli waliipenda. Salvatore Gravano, aliyekuja kuwa wa pili kwa cheo katika genge la Gambino, alisema baadaye kwamba alitoka ukumbini kama anaelea. Wahakiki wengi walisifu. Pauline Kael wa The New Yorker ndiye aliyekaribia zaidi ninachokisema hapa: aliona jinsi wanaume wanavyofanya biashara yao kwenye vyumba vilivyofungwa madirisha, taa zikiwaka mchana, ilhali jua ni la kugawana na wake na watoto. Stanley Kauffmann wa The New Republic hakuvutiwa, si na Brando, si na Pacino, si na muziki. Namheshimu mhakiki anayesimama peke yake, ila hapa nadhani alipitwa.

Kisha zikaja tuzo za Oscar, Machi 1973. The Godfather ilitajwa kuwania tuzo 10, ikashinda 3: sinema bora, mwigizaji bora na uandishi. Brando aliikataa yake, akamtuma Sacheen Littlefeather kueleza sababu, na dunia ikazungumza hilo. Katika orodha ya upigaji picha, The Godfather haikuwemo kabisa. Zilikuwemo Cabaret, iliyoshinda, na The Poseidon Adventure, na nyingine 3. Miaka miwili baadaye sehemu ya pili, yenye giza zaidi na nzuri zaidi, ilichukua Oscar 6. Mara hiyo pia jina la Willis halikutajwa. Wenzake walimwita Mwana wa Mfalme wa Giza, jina alilopewa na Conrad Hall, mpigapicha mwenziwe. Akademi ilimpa tuzo ya heshima mwaka 2009, alipokuwa amekwisha kustaafu. Alifariki 2014.

Ilibaki kazi ya kuokoa picha zenyewe. Kwa kupendwa kwake, sinema hii ilitolewa nakala nyingi mno kutoka kwenye negativu ya awali, ikachakaa na kuchanika. Kati ya 2006 na 2008 Robert Harris aliongoza ukarabati wake, na swali gumu lilikuwa hilohilo la mwaka 1971: iwe nyeusi kiasi gani? Mashine za kisasa zina uwezo wa kuchimbua vivuli na kuonyesha kila kitasa cha mlango. Harris alitafuta nakala ya zamani ya Technicolor kuwa kipimo chake, na Willis mwenyewe akashauriwa. Hawakuchimbua. Ukiitazama nakala hiyo kwenye televisheni ya nyumbani, zima taa za sebuleni, funga pazia kama ni mchana, na usiguse mwangaza wa skrini, hata pale macho ya Brando yatakapokupotea.