Rubisi na Chakula Chake

Anayepima pombe kwa ukali wake hataitendea haki rubisi ya Wahaya. Ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa, na kwa siku moja hivi imeiva. Siku ya kwanza utamu hutangulia, mtama ukafuata. Ya pili uchachu hushika ncha za ulimi, nami hiyo ndiyo ninayoichagua. Ya tatu nawaachia walevi.

Mvinyo mwekundu wa Rioja, Hispania, hauitwi crianza mpaka utunzwe walau miaka 2, mmoja wake katika pipa la mwaloni. Kwa nyama ya kondoo ya kuchoma, sina ubishi. Lakini kuna harusi, Bukoba na Muleba, ambako chupa ya namna hiyo huwekwa mezani na kibuyu kikafichwa uani, eti rubisi haidumu. Hata sato wa ziwani hadumu! Mvinyo huo juu ya sato huacha ladha ya chuma kinywani. Senene wa kukaanga, wenye mafuta na chumvi, wanataka uchachu wa rubisi.

Kwa matoke, hata hivyo, siisifu: ndizi juu ya ndizi inachosha. Heri maji.